Chumvi yenye klorini mbili inaizidi klorini kunyang'anya elektroni? Wanakemia wa Kusini njooni

#1 Mwalimu wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha kemia sekondari huku Mtwara. Mpwa wangu yuko chuo, kaja likizo na laptopu yake, na mradi wake wa mwisho ni wa kompyuta tupu, hakuna bureti wala kopo la maabara. Anachunguza vitu vinavyoitwa superhalojeni, yaani molekyuli zinazovuta elektroni kuliko halojeni, ile jamii ya klorini na florini. Jana tunakula, ananiambia kuna molekyuli yenye sodiamu moja na klorini mbili, NaCl2, inayong'ang'ania elektroni kuliko klorini yenyewe.

Nikamwuliza, kidato cha tano ulisoma au ulipita tu? Afiniti ya elektroni, yaani nishati inayotoka kitu kikipokea elektroni, kwa klorini ni 3.61 eV (elektronivolti), florini 3.40, bromini 3.36, iodini 3.06. Hakuna elementi inayoizidi klorini, hilo wanafunzi wangu wanalijua hata ukiwaamsha usiku.

Akasema, "Mjomba, hizo ni elementi. Mimi nazungumzia molekyuli." Akataja 5.86. Nikasema haya, tuseme. Akaendelea kwamba jamii hiyo ndiyo vioksidishaji vikali kupita vyote, na wamo wanaoweza kuchukua elektroni hata kwa methani, gesi hii hii ya Mnazi Bay. Hapo nikamshika. Kung'oa elektroni ya methani kunadai 12.61 eV. Mwenye 5.86 anaipataje?

Hakunijibu, akaenda kuchaji simu. Mnaojua nielezeni: kijana anasoma, au kompyuta inamdanganya?

#2 Kitunguu Maji

Nimeingia mbio nikijua chumvi imepanda bei. Basi nakaa pembeni na ming'oko yangu, endeleeni.

#3 Lindi Kwetu

Mwalimu, mimi nimekulia kwenye mashamba ya chumvi hapa Lindi. Maji ya bahari, jua, chumvi. Sodiamu moja, klorini moja. Hiyo klorini ya pili inashika wapi wakati valensi ya sodiamu ni moja? Hii ni chai, tena haina hata tangawizi.

#4 Binti Tandahimba

Si chai. Lindi Kwetu, unachosema ni kweli kwa chumvi ya kwenye gunia, ila NaCl2 haikai kwenye gunia. Hupatikana ikiwa ioni hasi, NaCl2⁻, ikielea yenyewe kwenye chombo kilichoondolewa hewa. Sodiamu inakaa katikati, klorini moja huku na nyingine kule, mstari ulionyooka. Sodiamu ina elektroni moja ya kutoa, klorini mbili zinataka elektroni mbili. Inayopungua inachukuliwa nje, na ikishaingia kila mmoja kashiba: Cl⁻ Na⁺ Cl⁻. Elektroni ya ziada haikubanana juu ya klorini moja, imetandazwa juu ya mbili, na katikati kuna chaji chanya inayozishikilia zote. Kuing'oa hapo ni kazi.

Jina la superhalojeni lilitolewa na Gutsev na Boldyrev mwaka 1981, pamoja na kanuni yake: chukua atomu ya kati yenye valensi k, izungushie halojeni k+1. Sodiamu inakupa NaCl2, alumini inakupa AlF4, fosforasi inakupa PF6. Kwa miaka 18 ilikuwa hesabu zaidi kuliko vipimo. Mwaka 1999 kundi la Lai-Sheng Wang, Boldyrev mwenyewe akiwemo, likazipiga ioni hizo kwa leza na kupima: LiCl2⁻ 5.92 eV, NaCl2⁻ 5.86 eV.

Kwa hiyo Mwalimu, 5.86 ya mpwa wako haikuzaliwa kwenye laptopu. Ilipimwa.

#5 Nachingwea Kwanza

Binti, umeeleza vizuri ila umepitiliza kituo. 5.86 ilipimwa kweli, lakini siyo afiniti ya elektroni.

Hiyo ni nishati ya kuing'oa elektroni ghafla kutoka kwenye ioni, kabla atomu hazijasogea. Ukishaing'oa, NaCl2 isiyo na chaji haibaki mstari. Klorini mbili zinageukiana na kushikana, sodiamu inabaki upande mmoja, unapata pembetatu. Umbo hilo limetulia zaidi kuliko ule mstari, kwa hiyo ukihesabu kutoka ioni iliyotulia hadi molekyuli iliyotulia, ambayo ndiyo afiniti, unapata namba ndogo kuliko 5.86. Bado inaizidi klorini. Ila Mwalimu na mpwa wake wanabishana huku kila mmoja ana rula yake.

#6 Lindi Kwetu

Mmeshaanza. Watu wawili, namba mbili, chumvi ile ile.

#7 Kangomba Mstaafu

Mimi kemia niliiacha kidato cha pili, ila swali la Mwalimu nimelielewa vizuri kwa sababu ni swali la mnada wa korosho. Mkulima anataka 12.61. Mnunuzi anafungua bahasha, ndani kuna 5.86. Mnunuzi wa hivyo Tandahimba wanamtoa ukumbini. Sasa mkiniambia mzigo umechukuliwa na wote wameridhika, basi kuna mtu wa tatu kaongeza hela. Ni nani huyo?

#8 Binti Tandahimba

Kangomba, jina lako la walanguzi wa korosho linatisha wakulima lakini swali lako ndilo lenyewe.

Anayeongeza ni mvutano wa chaji. Elektroni ikihama, aliyetoa amekuwa chanya na aliyepokea amekuwa hasi, na wanavutana. Nishati ya mvutano huo kwa eV ni 14.4 ukigawanya kwa umbali wao kwa angstromu. Wakiwa umbali wa angstromu 3 unapata 4.8 eV.

Kisa kinachojulikana ni cha Neil Bartlett, Vancouver, mwaka 1962. Alikuwa na gesi nyekundu ya platinamu heksafloraidi, PtF6. Ilimchukulia oksijeni elektroni yake, kikatokea kitu kigumu chenye ioni O2⁺. Akaangalia majedwali: oksijeni inadai 12.07 eV, zenoni 12.13. Karibu sawa. Zenoni wakati huo ilikuwa gesi bwanyenye, haiungani na mtu. Akazichanganya, pakatokea kitu kigumu cha njano papo hapo, na vitabu vyote vya kemia vikapitwa na wakati siku hiyo.

Afiniti ya PtF6 makadirio mengi huiweka kati ya 7 na 8 eV. Pungufu basi ni kama 4 au 5, na mvutano wa jozi moja tu unakaribia kuliziba. Kwenye kitu kigumu kila ioni imezungukwa na wenzake wa chaji tofauti, malipo yanaongezeka: kwa mpangilio kama wa chumvi ya mezani unazidisha kwa 1.75.

Sasa NaCl2 na methani. Hata tukiikopesha ile 5.86 ambayo Nachingwea anasema siyo afiniti, pungufu ni 6.75. Gawanya 14.4 kwa 6.75 unapata angstromu 2.1. Methani na klorini hazisogeleani hivyo bila mawingu yao ya elektroni kugongana. Kwa jozi hiyo Mwalimu yuko sahihi, haitachukua. Ila hoja yake kwamba mwenye kidogo hawezi kabisa kumng'oa mwenye kikubwa, Bartlett aliimaliza miaka mingi.

#9 Kangomba Mstaafu

Nimeelewa. Hela ya tatu inatoka baada ya mzigo kuhama, siyo kabla. Huo ndio mkopo niliokuwa nautafuta mimi.

#10 Mzee wa Songosongo

Vijana, salaam.

Mimi nimeishi na gesi maisha yangu ya kazi. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na kote huko kinachotoka ardhini ni methani kwa sehemu kubwa sana. Naomba mnisaidie jambo moja dogo. Molekyuli ya oksijeni, O2, afiniti yake ya elektroni ni 0.45 eV. Sio tano, sio saba. Sifuri nukta arobaini na tano. Kwa mizani yenu ni maskini wa mwisho. Na bado washa kiberiti karibu na methani uone.

Sasa kama maskini huyu anaioksidisha methani mpaka inakuwa kaboni dayoksaidi na maji, namba zenu za afiniti zinapima nini hasa?

#11 Kitunguu Maji

Mzee kaingia harusini na panga 😂

#12 Nachingwea Kwanza

Mzee kagusa penyewe. Uoksidishaji una njia mbili na uzi huu umekaa kwenye moja. Moto wa gesi haufanyi kazi kwa kung'oa elektroni nzima na kuondoka nayo. Vifungo vinavunjwa, vingine vinatengenezwa, na C=O na O-H ni vifungo vyenye nguvu kubwa, huko ndiko malipo yaliko. Kwa hiyo kuorodhesha molekyuli kwa afiniti halafu kusema "hii ni kioksidishaji kikali kuliko ile" ni kuruka hatua. Ukali wa kioksidishaji unategemea nani anaoksidishwa na mazao yake ni nini.

#13 Binti Tandahimba

Hapana, hujaruka wewe? Wanaofanya hesabu hizi wanasema wazi wanachotafuta: je, superhalojeni ikikutana na molekyuli fulani, jozi inayotokea ni ioni mbili, moja chanya moja hasi, au ni majirani waliogusana tu? Wanaangalia chaji ilivyogawanyika, wanaangalia elektroni pekee imebaki kwa nani, wanaangalia nishati ya kuwatenganisha. Kwa swali hilo afiniti ni kipimo halali. Kiberiti cha Mzee ni swali lingine.

#14 Mzee wa Songosongo

Swali lingine ndiyo lililonilipa mshahara, binti yangu.

#15 Mfamasia Masasi

Jamani mbona mnakwenda Vancouver. Superhalojeni iko duka la dawa. Potasiamu pamanganeti, zile punje za zambarau za kuoshea vidonda na mboga. MnO4 ni superhalojeni inayotambulika, ilipimwa ikatoka karibu 4.80 eV, juu ya klorini. Ndiyo maana inaua vijidudu. Mwalimu waonyeshe wanafunzi hiyo, wataelewa mara moja.

#16 Binti Tandahimba

Mfamasia, namba yako ni sahihi, sababu yako siyo.

Kilichomo kwenye punje zako ni MnO4⁻, ambayo tayari imeshapewa elektroni na potasiamu. Ile 4.80 ni hamu ya MnO4 isiyo na chaji, na hiyo haimo dukani. Pamanganeti inaoksidisha kwa sababu manganizi yake iko kwenye +7 na inataka kushuka, ikiachia oksijeni njiani. Ndiyo habari ile ile ya Mzee na Nachingwea, ya vifungo.

Kwa kawaida ioni ya superhalojeni ni mpole sana, kwa sababu imeshikilia elektroni yake na haitaki kuitoa kwa mtu. PF6⁻ ndiyo imo ndani ya betri ya simu yako, chumvi ya LiPF6 kwenye kile kimiminika cha kupitisha chaji. Imechaguliwa kwa sababu haigombani kirahisi hata kwenye volteji kubwa. Ingekuwa kali kama unavyodhani ingeshakutoboa mfuko.

#17 Dereva wa Kusini

Subiri kwanza. Mwalimu anasema alipombana mpwa wake, kijana hakujibu, akaenda kuchaji simu.

Kumbe alijibu.

#18 Kitunguu Maji

😂😂😂 Dereva ufungiwe wiki nzima. Mwalimu njoo uone wamekujibia.

#19 Mkulima wa Newala

Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Sisi mikorosho yetu tunapulizia salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Salfa na hivi vitu vyenu ni ndugu? Kuna kipya hapo kinachoweza kutupunguzia magunia? Kila mwaka ni kuwa mweupe kama mzimu kuanzia alfajiri.

#20 Mwalimu wa Mikindani

Newala, hapana, usije ukasubiri. Atomu ya salfa afiniti yake ni 2.08 eV, iko chini ya halojeni zote nilizotaja, na kazi yake kwenye jani ni ya kuzuia kuvu, siyo ya kunyang'anya elektroni kwa mtindo huu. PtF6 ikigusa unyevu tu wa asubuhi inalipuka na maji, mkorosho utaungua kabla ya ugonjwa. Endelea na salfa na funga kitambaa puani.

Ila umenikumbusha kitu. Salfa ina rafiki yake, SF6, nayo ina florini sita kama PtF6. Inatumika kwenye swichi za umeme mkubwa kwa sababu haifanyi lolote. Afiniti yake ni kama 1 eV. Florini sita hapa, florini sita kule, mmoja anamng'oa zenoni, mwingine amelala. Mnaosema siri ni elektroni kutandazwa juu ya halojeni nyingi, nielezeni hilo.

#21 Lindi Kwetu

Mwalimu ameacha kuuliza, sasa anapiga.

#22 Nachingwea Kwanza

Hoja nzuri, na inaichanganya hata ile kanuni ya Binti. Valensi ya salfa ni 6, kwa hiyo kwa k+1 superhalojeni yake ingekuwa SF7, siyo SF6. SF6 imeshashiba, elektroni ya ziada haina pa kukaa ila kwenye obiti ya kuvunja vifungo. Hadi hapo kanuni inafanya kazi.

Lakini platinamu kwenye PtF6 nayo iko +6 ikiwa na florini sita. Hakuna k+1 hapo. Kwa kanuni ilitakiwa ilale kama SF6. Hailali, kwa sababu platinamu bado ina obiti za d zenye nafasi, elektroni inaingia humo. Sasa mwaiita superhalojeni kwa kigezo gani? Kwa umbo au kwa namba?

#23 Binti Tandahimba

Kwa namba. Ikizidi 3.61 imeingia. Kanuni ni ya kutafutia, siyo ya kufukuzia.

#24 Nachingwea Kwanza

Basi hilo ni kundi la watu warefu, siyo ukoo.

#25 Kangomba Mstaafu

Wakati mnagombana nani mrefu, kuna mwenye taarifa za mnada wa wiki hii? Nasikia Masasi wakulima wamekataa bei.

#26 Dereva wa Kusini

Wamekataa kweli, nimepita na mzigo tupu. Rudi kwenye kemia mkuu, huko hakuna hela pia.

#27 Mpwa Mwenyewe

Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee wote wa humu.

Rafiki yangu ndiye amenitumia uzi. Mjomba ulivyoniweka hapa kama mshtakiwa! Naomba nijitetee kidogo.

NaCl2 nilikutajia kama mfano mwepesi, ina elektroni 45 tu, laptopu yangu inaimaliza bila feni kulia. Ya methani sikuisema kwa NaCl2. Niliisema kwa zile za florini na alumini. AlF4⁻, hesabu huiweka nishati ya kuing'oa elektroni ghafla zaidi ya 9 eV, na ukiunganisha alumini mbili ukapata Al2F7⁻ inapanda tena. Pengo na methani hapo ni dogo, mvutano wa chaji unaweza kulilipa. Ndiyo sentensi yangu nzima, mjomba alisikia nusu kwa sababu redio ilikuwa inatangaza mpira.

Na kuna hatua nyingine. Mwaka 2010 kundi la Puru Jena na wenzake walionyesha unaweza kuondoa halojeni na kuweka superhalojeni mahali pake. Dhahabu moja, BO2 mbili. BO2 yenyewe ni kama 4.46 eV, Au(BO2)2 ikatoka 5.7. Wakaiita haipahalojeni. Nami nataka kujaribu hivyo kwa atomu ya kati nyingine.

#28 Mwalimu wa Mikindani

Marahaba. Redio niliizima wewe hujaanza kula. Karibu, jibu maswali ya watu.

#29 Nachingwea Kwanza

Karibu kijana. Swali la kwanza hili hapa. Zaidi ya 9 ya AlF4⁻ ni ya ghafla, sivyo? Haya, ukishaing'oa elektroni, AlF4 inayobaki inafananaje?

#30 Mpwa Mwenyewe

Inakuwa AlF3 na florini moja iliyolegea, imeshikiliwa kwa udhaifu.

#31 Nachingwea Kwanza

Umesema mwenyewe. Kioksidishaji chako kabla hakijakutana na methani kimeshakuwa AlF3 na atomu ya florini. Na atomu ya florini ikikutana na methani haing'oi elektroni, inapora hidrojeni, inatengeneza HF na kwenda zake. Huo ni ushindi wa florini ya kawaida, florini ya kidato cha tano. BF4 ni hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna chupa yenye lebo "BF4" popote, ila chumvi za BF4⁻ zimejaa kwenye makatalogi.

#32 Binti Tandahimba

Inategemea unaanza na jiometri ipi na unawasogeza kutoka wapi. Kwenye hesabu za jozi, ukiacha atomu zote zitulie pamoja, kuna molekyuli zinazotulia zikiwa ioni mbili: amonia kwa mfano inadai 10.07 eV tu, pengo lake na superhalojeni ya 7 ni 3, mvutano wa angstromu 4 unalimaliza na chenji inabaki. Methani ndiyo iko mpakani. Usizitupe zote kwa ajili ya methani.

#33 Nachingwea Kwanza

Amonia nakupa. Mkono juu kwa amonia tu.

#34 Fundi Kompyuta Masasi

Nyote mnaongea kana kwamba kompyuta inatoa namba moja. Mimi ndiye ninayewasaidia wanafunzi wa huku kusanikisha hizi programu, naona wanavyopata afiniti za ajabu.

Kosa nililokutana nalo zaidi ni besi seti (fankisheni za kuelezea elektroni ziko wapi) isiyo na fankisheni difyuzi, zile pana. Elektroni ya ziada inataka kutanuka mbali, wewe umeipa chumba kidogo, nishati ya ioni inatoka juu kuliko inavyostahili, afiniti inashuka. Ile alama ya kujumlisha kwenye 6-311+G(d) siyo pambo. La pili ni chaji na spini: NaCl2 yenyewe ni 0 na 2, ioni ni -1 na 1. Kuna mtu aliacha 0 na kuendesha zote mbili, akapata tofauti ya sifuri, akasema kagundua kitu.

Na wapo wanaosoma nishati ya HOMO (obiti ya juu kabisa yenye elektroni) ya ioni kutoka B3LYP, njia nyepesi ya hesabu, na kuiandika kama nishati ya kung'oa elektroni. Inatoka chini mno. B3LYP inapenda kutawanya elektroni kupita kiasi, na kwa superhalojeni, ambazo kazi yake nzima ni kutawanya elektroni, hilo ni jambo la kuogopa. Endesha ioni na molekyuli kando kando utoe moja kwa nyingine, au tumia njia ya OVGF, kisha linganisha na CCSD(T), njia sahihi zaidi lakini nzito, kwa zile ndogo. NaCl2 unaweza, Al2F7 kwa laptopu utazeeka.

Gharama? Gaussian inalipiwa. ORCA ni bure kwa wa vyuo, Psi4 na NWChem ni za wazi. Umeme ukikatika usiku usilie, ORCA inaacha faili la gbw, ukiendesha tena kwa jina lile lile inaanzia kwenye obiti hizo.

#35 Mpwa Mwenyewe

Ahsante Fundi. Natumia ORCA na ma-def2-TZVP, difyuzi zimo.

#36 Fundi Kompyuta Masasi

Safi. Umenusurika.

#37 Mfamasia Masasi

Bado nipo. Vipi kuhusu Al13? Alumini tupu kumi na tatu, hakuna halojeni hata moja, nayo husemwa ni superhalojeni.

#38 Binti Tandahimba

Mfamasia leo una bahati mbaya. Al13 ni kama 3.6 eV. Imelingana na klorini, haijaipita kwa uhakika. Inaitwa superatomu kwa sababu kundi zima linajifanya atomu moja ya halojeni: ikipata elektroni moja zinakuwa 40, hesabu kamili ya tabaka. Ni halojeni ya kuigiza, haijafika super.

#39 Kitunguu Maji

Mfamasia rudi dukani, wateja wanakungoja 😂

#40 Dereva wa Kusini

Mimi nilisikia hizi ndizo zitasafisha hewa, zinakamata kaboni dayoksaidi ya viwandani. Ni kweli? Maana huku kwetu tuna kiwanda cha saruji na mitambo ya gesi, soko lipo.

#41 Nachingwea Kwanza

Kaboni dayoksaidi inadai 13.78 eV, zaidi ya methani, zaidi ya zenoni. Na karibu wote wanaohangaika kuifanya CO2 iwe kitu cha maana wanaipa elektroni, hawaichukulii. Hizi zinakwenda upande mwingine wa barabara.

#42 Mpwa Mwenyewe

Kuna hesabu zinazoonyesha jozi za ioni kwa molekyuli zilizo ngumu zaidi kung'olewa elektroni kuliko hizo, zikiwa na superhalojeni kubwa.

#43 Nachingwea Kwanza

Kwenye skrini. Nioneshe kopo.

#44 Binti Tandahimba

Bartlett naye alianza na jedwali la namba mbili zilizokaribiana, kopo likafuata.

#45 Nachingwea Kwanza

Na umesahau kumalizia. Kile kitu cha njano walichokiandika Xe⁺PtF6⁻ hakikuwa hivyo. Siku hizi kinaelezwa kuwa ni mchanganyiko wenye XeF⁺, pamoja na PtF6⁻ na Pt2F11⁻. Yaani zenoni ilishika florini. Kifungo, Binti, kifungo! Mzee wa Songosongo alishasema tangu #10.

#46 Binti Tandahimba

XeF⁺ ina chaji gani hapo? Chanya. Elektroni ilikwenda wapi? Kwa platinamu. Florini kuhamia baadaye hakufuti hilo. Na O2⁺ ya oksijeni mbona huitaji? Ile haikushika florini hata moja.

#47 Mzee wa Songosongo

Nipo nawasoma. Kiberiti changu bado hakijajibiwa lakini nasubiri.

#48 Mpwa Mwenyewe

Wakuu mimi naomba msaada wa kazi. Nataka kuirudia PtF6 yenyewe kabla ya kwenda kwa nyingine. Elektroni 132, lakini kwa kiini bandia cha platinamu (elektroni za ndani zinawakilishwa na fomula) 60 zinaondoka, zinabaki 72, naona inawezekana. Kwa chaji na spini niiweke 0 1 au 0 3?

#49 Fundi Kompyuta Masasi

Endesha zote mbili. Bila spini-obiti (spini ya elektroni kuathiriana na mzunguko wake) kompyuta itakuambia ni 0 3, elektroni mbili pekepeke. Ukiiweka spini-obiti, molekyuli inatoka haina usumaku. Platinamu ni nzito, huwezi kuiacha hiyo halafu uje hapa na desimali mbili.

#50 Nachingwea Kwanza

Na ukipata afiniti, andika ni ya ghafla au ya kutulia. Kwa herufi kubwa. Mjomba wako anasahihisha kwa kalamu nyekundu.

#51 Mwalimu wa Mikindani

Kalamu ipo. Mpwa, kiini bandia hicho kinakaa kwenye mstari gani wa faili? Lete laptopu sebuleni nione.